Timu ya Supu

Kitendawili, wajukuu zangu. Nyumba ina wageni tele, kila wakikutana nusu yao wanatolewa nje, na wa mwisho anapewa bakuli lisiloliwa kitu ndani yake. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Haya, nimekwenda Boston, nimekula, nimelala, nimerudi. Ni Kombe la Taifa.

Kombe hilo lilianza kabla baba yangu hajapanda meli huko Azori, visiwa vya Wareno, kuja hapa Fall River kufanya kazi kwenye viwanda vya pamba. Lina tabia moja niipendayo: halibagui. Timu inayolipwa mshahara na timu ya washona mashati huingia kwenye kofia moja. Jina likichomolewa kwanza, mnacheza nyumbani. Mkifungwa, mmetoka. Mkienda sare, mechi inarudiwa kwa wenzenu.

Mwanangu Eduíno alikuwa beki na kapteni wa Estrela, timu ya mtaa wetu. Ujana wake wote alicheza kombe hilo, na kila walipokutana na timu ya kulipwa walitolewa. Mwaka ule magoti yalishaanza kulia kama bawaba. Akaniambia jikoni, "Mama, nataka kumtoa mtu anayelipwa. Mara moja tu, halafu nitapumzika."

Kofia ikampa alichotaka. Tulipangiwa timu ya kulipwa ya New York, na mechi ni kwetu. Ila tarehe ikaangukia Jumapili ya Roho Mtakatifu, na mwaka ule kura ya kutunza taji la sikukuu ilikuwa imeangukia nyumba yangu. Kwetu, aliyepata taji analisha watu. Halishi jamaa zake tu. Hata polisi anayekuandikia faini, ukimkuta pale siku hiyo, unamkalisha mezani.

Basi la New York likafika saa sita mchana, sisi tumetoka kanisani, masufuria yanachemka uani mwa ukumbi wa sikukuu. Wachezaji wakashuka wananusa hewa. Nikamwendea kocha wao, bwana mmoja mrefu aitwaye Kessler.

"Karibuni mezani, baba."

"Asante mama, lakini tunacheza saa tisa."

"Kwani saa tisa mnakula?"

Akacheka, akakaa. Hapo ndipo alipokosea. Supu yetu ni nyama ya ng'ombe na kabichi, inamwagwa juu ya mkate wenye majani ya mnanaa, na sahani ya mgeni haiachwi tupu. Ukimaliza, inajazwa. Wale vijana walidhani kubakisha ni utovu wa adabu, wakamaliza. Sisi tukadhani hawajashiba, tukajaza. Winga wao mmoja alikuwa anafuta jasho kabla hata hajavaa viatu vya mpira.

Eduíno akanivuta pembeni na birika la supu mkononi. "Mama, hawa tunacheza nao leo. Watasema tumewalewesha kwa nyama."

"Na ninyi je, mmekula?"

"Tunakulaje? Si ndio tunaohudumu?"

Ni kweli, kwetu anayehudumu anakula mwisho, na siku ile mwisho haukufika. Walioshiba wakaingia uwanjani kupambana na wenye njaa. Nimeona mechi nyingi, lakini mechi ya watu kutembea vile sijaiona tena. Wao hawawezi kuinama, wetu wanaona nyota. Ikaisha bao moja kwa moja.

Kesho yake gazeti likaandika maneno ya Kessler: kwamba hawakukutana na timu, walikutana na sufuria. Kiwandani alikofanya kazi, Waairishi wakaanza kumwita mwanangu kapteni wa supu. Jirani yangu Natividade akaja kunipoza. "Dada, si kosa lako. Ungewanyima, ungekuwa mtu gani?"

Lakini Eduíno hakula siku mbili. "Tukifungwa kule, itakuwa kweli," akasema. "Watasema Estrela haijui mpira, inajua kupika. Na mimi sina mwaka mwingine."

Tukaenda New York. Mimi nilikwenda pia, pamoja na Natividade, na kocha wetu Serafim alinisimamisha mlangoni mwa basi.

"Mama Deodata, kwenye kikapu kuna nini?"

"Soksi za kufuma."

Akafunua, akakuta soksi. "Pita."

Uwanjani mashabiki wao walituletea vijiko. Nawaambia ukweli, vijiko na makopo, wakaanza kugonga tangu tunapanga mstari. "Kapteni," mmoja akaita, "leo kuna kabichi?"

Eduíno akamgeukia. "Leo tunatoa mifupa tu, kaka."

Hata wao walicheka. Lakini mpira ulipoanza kicheko kiliisha, kwa sababu vijana wetu walikuja kucheza. Mkishasemwa kwamba hamjui kitu, kila pasi inakuwa jibu. Wao walitufunga mapema, shuti la mbali, kipa wetu hakuliona. Vijiko vikalia. Kabla ya mapumziko mtoto wa Serafim akapenya kati ya mabeki wawili akasawazisha. Kipindi cha pili kikaisha hivyohivyo, ikabidi waongeze muda.

Nilimtazama mwanangu goti la kushoto. Lilikuwa limevimba kama mkate. Serafim akamwonyesha atoke. Akatikisa kichwa.

Tukapata kona. Eduíno akatoka nyuma, anachechemea, akavuka uwanja mzima polepole mpaka hakuna aliyemhesabu. Mpira ukaja juu. Wale warefu wakaruka mbele yake, wote wakaukosa, naye akaupiga kichwa bila hata kuruka, kama mtu anayeitikia ndiyo. Ukaingia.

Vijiko vikanyamaza. Niliwasikia watu wetu ishirini wakilia kama elfu.

Dakika zilizobaki sikuzitazama, nilimtazama Natividade usoni akitazama. Uso ulipofunguka nikajua refa amemaliza.

Kessler alivuka uwanja akampa Eduíno mkono mbele ya waandishi wote. "Andikeni," akawaambia, "leo tulikula kidogo, na tumefungwa na timu."

Mzunguko uliofuata tulitolewa Philadelphia, mabao matatu bila. Hatukulalamika, waliweza. Lakini basi letu liliporudi, mtaa wote ulikuwa nje, wanawake na aproni zao, wazee na viti vyao, na wale Waairishi wa kiwandani walimbeba mwanangu mabegani kwa sababu goti halikutaka ngazi za basi.

Kombe la mwaka ule limeandikwa jina la timu nyingine. Nendeni mtaani kwetu, barabara ya Columbia, muulize nani alishinda. Mtaambiwa Estrela, na atakayewajibu atawaonyesha kwa kichwa jinsi bao lilivyoingia.