Jina la Ndugu Halianguki Chini

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Vijana wa Chumba cha Mwisho waliwakatalia wahenga mchana kweupe. Walikuwa watatu, Alfayo, Lewis na Gilbert, wanafunzi wa ualimu katika chuo kimoja huko magharibi mwa Kenya, na chumba chao kilikuwa mwisho kabisa wa bweni, karibu na matangi ya maji. Walikuwa na kiapo chao, walichokula juu ya sufuria ya ugali: jina la ndugu halianguki chini. Maana yake, mwalimu akiita majina na mmoja wao hayupo, awe mgonjwa, awe amelala, awe ameenda kumwona msichana, aliyepo ataitika kwa niaba yake. Lewis ndiye aliyekuwa fundi. Angeweza kuitika mara tatu kwa sauti tatu na mwalimu asigutuke. Mnaweza kuwacheka, lakini undugu wao wote ulikuwa hapo. Ukiitikiwa, unajua una watu.

Kisha mwaka ule ukaharibika. Wahadhiri waligoma, wanafunzi wakaandamana, madirisha ya mabweni yakavunjwa, na lango likafungwa kwa mnyororo. Ati wanafunzi wataitwa hali ikitulia. Itulie lini, na tumbo la mtu halijui mgomo? Gilbert alirudi kwao kuchunga ng'ombe wa babake. Alfayo na Lewis walipata ajenti wa kazi za Saudia, wakapanda ndege moja, wakiamini wataishi pamoja. Saudia iliwagawa palepale uwanjani. Alfayo alichukuliwa kulinda ghala la samani huko Riyadh, Lewis akapelekwa Jeddah kuwa dereva wa nyumba. Hata kuagana hawakuagana vizuri, maana gari lililokuja kumchukua Alfayo lilikuwa linapiga honi.

Alfayo alipata kitanda katika mtaa wa Manfuha, katika chumba cha wanaume waliozungumza Kibengali. Walikuwa watu wema na walimkaribisha wali wao. Lakini walipocheka, yeye alicheka kwa kuchelewa, asijue kinachochekwa. Upweke wa namna hiyo, jamani, usimwombee hata adui. Kutwa nzima kazini alisema salaam, yalla ya twende na halas ya basi, na siku ikaisha hivyo.

Chuo kilipofunguliwa nusunusu, masomo yakawa ya kwenye simu, jioni, mpaka mabweni yatengenezwe. Saa za Riyadh na za nyumbani ni zilezile, kwa hiyo zamu ikiisha Alfayo aliketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya ghala na kumsikiliza Mwalimu Hezron, naye Gilbert akamsikiliza kutoka kwao. Lewis alisema jioni ndiyo saa ya kumpeleka madam wake madukani, hataweza. Akampa Alfayo neno lake la siri la kuingilia darasani.

"Niitikie, ndugu," akamwambia. "Nikipata nafasi nitaingia mwenyewe."

Basi Alfayo akatafuta simu kuukuu ya pili. Mwalimu akiita Lewis Otieno, alikaza koo na kutoa sauti ile nzito ya puani: "Niko, sir." Kisha alingoja kidogo aitwe Alfayo Wafula, akaitika kwa sauti yake mwenyewe. Siku za kwanza yeye na Lewis walipigiana simu wakalicheka jambo hilo mpaka machozi.

Halafu Lewis akanyamaza. Ujumbe ukawa unaenda na hausomwi. Alfayo alijiambia madam amesafiri na dereva wake. Alijiambia bando limeisha. Alijiambia kesho. Mtu hakosi la kujiambia. Na ukweli wenyewe, ambao hakumwambia hata Gilbert, ni kwamba kule kuitika kulimliwaza. Akishasema "Niko" kwa sauti ya Lewis, alihisi kama wameketi wawili pale nyuma ya ghala, na akila mkate wake baada ya somo hakujihisi mkiwa sana.

Jioni moja Gilbert alipiga simu. Waliongea habari za ng'ombe na za mitihani, kisha Gilbert akataja kwamba mamake Lewis analalamika hampati mwanawe kwa simu, lakini yeye humtuliza kila mara. Humwambia mama usihofu, juzi tu nimemsikia darasani, sauti yake ni ileile.

Alfayo aliuweka mkate chini.

"Gilbert," alisema, "uliyemsikia ni mimi."

Gilbert aliuliza tangu lini. Alfayo akajibu tangu mwanzo. Kama Lewis alikuwa amekufa, basi alikuwa amekufa huku anaitika.

Alfayo alimdanganya msimamizi kwamba amefiwa, akapata ruhusa, akapanda basi la Jeddah. Njia nzima ilikuwa jangwa na nyaya za umeme, na yeye akiomba Mungu ule uongo usije ukageuka kuwa kweli. Katika nyumba alimokuwa akifanya kazi Lewis, upande wa Ruwais, mlinda lango alimwambia, "Luis? Mafi. Halas," yaani hayupo, basi, akarudi kivulini. Lakini msichana wa kazi wa nyumba ile, Rael, mtu wa Bungoma, alikuwa anamwaga maji nje. Akasema naye kwa Kiswahili bila kumtazama, kusudi asionekane. Lewis, alisema, aligonga gari ukutani. Bosi alimnyang'anya simu na ikama, kile kibali cha kuishi, wakagombana, Lewis akatoka na nguo alizovaa, na bosi akaripoti kwamba dereva wake ametoroka. Rael alisikia kwamba anakaa mtaa wa Hindawiya na Wakenya wengine wasio na karatasi, juu ya duka la fundi cherehani.

"Na wewe ni nani wake?" akauliza.

"Ndugu yake."

Sasa Rael akamtazama. "Ndugu," akasema. "Na ndiyo unakuja leo?"

Alfayo alimkuta Lewis ameketi kwenye godoro, amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu, mkono wa kushoto umefungwa kwa kipande cha shuka. Aliuvunja akipakua mizigo sokoni, na hospitali aliiogopa kwa kuwa hakuwa na ikama. Ulikuwa umeanza kuunga vibaya. Lewis alimtazama Alfayo kama mtu anavyomtazama mchuuzi aliyebisha hodi. Alfayo alilia, akasema pole, akauliza mbona hukupiga simu hata kwa kuazima. Lewis akajibu kwamba nambari zote zilikuwa kwenye simu iliyochukuliwa, na kichwani hakuwa na hata moja. Nani siku hizi anakariri nambari? Hata ya mamake hakuijua.

"Nilikuwa na tumaini moja," Lewis alisema. "Nilijua jina langu linaitwa kila wiki. Nikasema Alfayo akinikosa kwa simu ataacha kuniitikia, wataita, watasikia kimya, na watu watajua kuna jambo. Niliingoja hiyo siku ya kimya, ndugu yangu. Niliingoja sana."

Alfayo aliinama.

"Uliendelea kuniitikia?"

"Nilikuitikia."

"Kwa sauti yangu?"

"Kwa sauti yako."

Lewis hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alisema tu kwamba alikwisha kata shauri kujisalimisha kwa polisi arudishwe nyumbani, kwa kuwa kungoja kumemchosha. Asubuhi yake Alfayo alimsindikiza mpaka pembe ya barabara. Lewis alimkumbatia kwa mkono mmoja, akamwambia amwambie mama kila kitu, kisha akaenda bila kugeuka.

Alfayo alimpigia mama yule kutoka ndani ya basi. Alimweleza yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Lakini Gilbert aliniambia yuko darasani. Na mimi, mwanangu, nikawa nalala usingizi." Baadaye Alfayo akamweleza Gilbert, naye Gilbert akalia kwenye simu kama mtoto.

Wiki iliyofuata aliketi tena kwenye kile kiti cha plastiki, safari hii na simu moja tu. Mwalimu Hezron alianza kuita majina. Alipofika kwa Lewis Otieno, Alfayo alifungua maiki.

"Hayupo, sir," alisema.

Mwalimu alishangaa kidogo, akaandika, akaendelea. Alfayo alifuta uso kwa mkono wa shati la kazi, akijitahidi kupata sauti, maana jina lake lilikuwa linakaribia.

"Alfayo Wafula."

Alifungua mdomo, sauti haikutoka. Alitaka mwalimu aite tena, aulize yuko wapi huyu, mtu yeyote aulize.

"Niko, sir," sauti ilijibu.

Ilikuwa sauti yake hasa, ile ya haraka yenye kukwaruza. Gilbert alikuwa ameiiga vizuri, huko kwao kwa ng'ombe. Mwalimu Hezron alisema asante, akaita jina lililofuata.