Pete Iliyogoma Kutoka

Mtaani walimwita Sonara, ingawa wapo waliosema sonara wa kweli ana duka lenye kioo mbele. Yeye alikuwa na meza moja ya mbao, mtungi mdogo wa gesi wa kuyeyushia fedha, na makopo ya vitu alivyookota mwenyewe: mbegu nyekundu, magamba ya konokono, vijiwe vya mtoni, vipande vya pembe alivyopewa buchani. Alivibana ndani ya fedha vikawa hereni, vidani na pete, na waliovivaa walisimamishwa njiani kuulizwa wamevitoa wapi.

Zamani meza ilikuwa sebuleni. Sasa ilikuwa chumbani kwa mama yake, chini ya dirisha, na mlango ulifungwa kwa ufunguo kutwa nzima. Mama alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Ukimwachia mlango wazi anatoka, na mara ya mwisho walimkuta barabara kuu, katikati ya magari, na kandambili mguu mmoja.

Siku hiyo kaka yake alikuja na mkewe, na shauri likakatwa kabla chai haijapoa.

"Sisi tunatoka asubuhi, tunarudi jioni," kaka alisema. "Wewe kazi yako ni ya hapahapa nyumbani. Mama atakaa na wewe."

"Una bahati, wifi," mke wa kaka akaongeza. "Umejiajiri. Hakuna wa kukuuliza."

Sonara alitaka kuwaambia kwamba nusu ya kazi yake iko nje, mtoni na kwa maseremala, kwenye kutembea na kuinama. Badala yake akakusanya vikombe. Sasa ulikuwa mwaka wa pili, na makopo mengi ukiyatikisa hayakulia; yalikuwa matupu.

Kipande cha mwisho cha mpingo alikitumia kwenye pete ya ndoa ya mwalimu mmoja wa shule ya jirani: fedha, na ukanda mweusi wa mti katikati. Ilimchukua wiki tatu, kwa sababu kila baada ya dakika chache mama alihitaji maji, au choo, au kuambiwa leo ni siku gani. Aliimaliza Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya harusi. Akaiweka juu ya kitambaa, akageuka kunawa mikono kwenye beseni.

Alipogeuka tena, mama amekaa kitandani, kainua mkono, anautazama kama bibi harusi.

"Imenikaa," mama alisema.

Ilimkaa kweli. Vidole vyake vilikuwa vya kuvimba, na pete aliisukuma ikapita kifundo kwa nguvu alizozijua mwenyewe. Sonara akajaribu sabuni. Akajaribu mafuta. Akazungusha uzi kuanzia kwenye kucha kurudi nyuma, mbinu iliyowahi kuwaokoa wateja wengi. Kila jaribio liliongeza uvimbe. Kidole kikawa chekundu, kisha kikaanza kuingia rangi ya zambarau. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa nzima, na huko nako wangeanza kumtafuta mtu mwenye vifaa kama vyake.

"Mama, lazima niikate."

"Thubutu. Hii alinivisha baba yako."

"Baba alikuvisha ya dhahabu, mama. Ilipotea."

"Basi ndiyo hii imerudi. Imebadilika rangi kwa uzee, kama mimi."

Sonara alicheka bila kupenda. Akampigia kaka yake.

"Mama kavaa pete, haitoki, kidole kinabadilika rangi. Njoo umshike mkono nikate."

"Niko kikaoni," kaka alijibu kwa sauti ya chini. "Kwani fundi si wewe?"

Simu ikakatika.

Akakaa kitandani, akaulaza mkono wa mama juu ya paja lake na kuubana kwa kiwiko. Alikata ukanda wa bati jembamba kama karatasi, akaupenyeza taratibu kati ya pete na ngozi ili msumeno usimjeruhi. Kisha akaanza kukata, mara mbili tatu, anasimama, anadondoshea maji pete isipate moto, anaendelea. Mama alimpiga kofi la shavu. Akaendelea. Likaja la pili, dogo zaidi.

Baadaye mama akainama, akamnong'oneza sikioni.

"Dada, na wewe wamekufungia humu?"

Msumeno ulisimama.

"Ndiyo," Sonara alijibu.

"Siku nyingi?"

"Mwaka wa pili."

"Maskini. Huna watu?"

"Ninao."

Mama akatikisa kichwa kwa huruma, na mkono ukalegea. Mpingo ulipasuka kwanza, kisha fedha ikakatika. Sonara aliipanua pete kwa koleo mbili, ikatoka. Akakaa akikisugua kile kidole mpaka damu iliporudi, na mama alikuwa ameshasahau kilichotokea.

Mchana mwalimu alifika. Sonara alimweleza yote, akampa kile kilichobaki. Mwalimu alikigeuzageuza kiganjani.

"Ilikuwa nzuri," alisema. "Pole na mama. Nitapita dukani nichukue yoyote."

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu.

Jioni Sonara alimpigia tena kaka yake, safari hii bila kuomba.

"Jumamosi unakuja kukaa na mama. Saa mbili mpaka saa kumi."

"Jumamosi nina shughuli."

"Usipokuja namleta kwako na begi lake."

Alikuja, na gazeti kwapani, kanuna kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Sonara akachukua kikapu, akashuka mtoni. Jua lilikuwa zuri. Aliokota vijiwe viwili, akasimama kusikiliza. Akaokota kimoja, akasimama tena. Hivi alimwambia kaka kwamba dawa ni kabla ya kula? Na mtungi wa gesi, aliufunga? Kabla ya saa sita alikuwa anarudi, nusu anatembea nusu anakimbia.

Alichungulia dirishani. Kaka amelala kitini, mdomo wazi. Mama amemfunika shuka, anampigapiga bega kama mtoto mchanga. Hakuna lililoharibika. Hakuna aliyekuwa akimhitaji.

Angeweza kurudi mtoni, lakini miguu ilikataa. Akavuka barabara, akakaa kwenye ukuta mfupi wa jirani, kikapu mapajani, macho yake dirishani. Hakuingia ndani mpaka saa kumi. Saa zile zilikuwa zake, na hakujua tena azifanyie nini.