Ukuta Wenye Mapengo

Marehemu fundi mwashi alijenga nusu ya nyumba za mtaa ule, na hakuna ukuta wake uliopinda. Ila kwake mwenyewe, kona ya ukuta wa nyuma ilibaki na mapengo: tofali moja limechomoza, jingine limerudi ndani, kuanzia chini hadi juu. Majirani walimtania kwamba mganga hajigangi. Yeye alicheka tu, akaenda zake kazini.

Wiki moja baada ya mazishi, mwanawe wa kiume alikoroga saruji.

"Leo namaliza huu ukibogoyo," alisema. "Watu wametucheka vya kutosha."

Dada yake alikuwa mlangoni pa jikoni akimenya vitunguu. Begi lake lilikuwa bado chini ya kitanda cha mama, halijafunguliwa. Wote walidhani amekuja kuzika tu. Hakuwaambia kwamba ndoa imevunjika na hana pa kurudi. Angesema nini, na vyumba vyote vimejaa watoto wa kaka yake? Kumtonesha mama kidonda hakutaka.

Basi akawa anamkumbuka baba. Viganja vyake vilikwaruza kwa saruji, kwa hiyo akimbembeleza mtoto alitumia mgongo wa mkono. Na hakuanza chumba cha mtu, awe tajiri au mtoto, kabla ya kumuuliza: "Dirisha unataka litazame wapi?" Binti alipoulizwa alikuwa na miaka sita, akajibu: kwenye kuku wa jirani. Kweli dirisha likatazama kuku, na mama akalalamikia harufu miaka yote.

Kaka alirusha mwiko wa kwanza wa saruji. Mama akatoka mbio na ndoo mkononi.

"We mwanangu, hebu acha! Nani kakutuma?"

"Mama, si baba alichoka tu akaacha?"

"Babako na kuchoka wapi na wapi! Ukuta huo aliujenga mwaka alioolewa dada yako. Nikamwambia amalizie, akasema mapengo hayo ni ya kushikia matofali ya chumba kingine. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani; akirudi mtu, asikute tumeziba. Akaniapisha nisimwambie binti yake, asije akadhani tunamwombea mabaya."

Vitunguu viliisha, machozi hayakuisha. Alimpenda baba yake siku zote, lakini hakuwahi kumpenda kama dakika ile.

"Kaka," alisema, "mimi sirudi kule."

Mama aliweka ndoo chini, akaja kukaa karibu naye, wakabanana kwenye kizingiti. Kaka aliwatazama kidogo. Kisha akaikwangua ile saruji mbichi, akachukua kitambaa akafuta matofali, moja baada ya jingine, mpaka kwenye pembe.

"Haya, usinililie hapo kama bomba lililopasuka," alisema. "Dirisha unataka litazame wapi?"