Shati la Namba Themanini na Saba

Dismasi alishuka kwenye pikipiki pale Minago akiwa na koti zito alilonunua kwa harusi ya bintiye, jua linawaka kweli kweli, na mfuko wa plastiki ameukumbatia kifuani kana kwamba kuna mtu wa kumnyang'anya. Ndani ya mfuko mlikuwa na shati moja la kaki, la shule. Halikuwa lake. Lilikuwa la rafiki yake Venanti, na alikuwa amekuja kulirudisha akiwa amechelewa zaidi ya miaka hamsini.

Ili uelewe kichaa hiki, sharti ujue mambo ya Koleji ya Mtakatifu Nikodemo, hapo hapo Minago. Ni shule ya mapadri, ya wavulana watupu, na wavulana wakifungiwa pamoja hawakosi kujitungia sheria zao. Kila mmoja alipewa namba siku ya kwanza, ikashonwa kwenye shuka, kwenye kola ya shati, mpaka kwenye soksi. Basi kila likizo, marafiki wawili walibadilishana mashati. Unaondoka na namba ya mwenzio, naye na yako, ili mlazimike kurudi wote wawili. Mapadri hawakujua, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake.

Hata asubuhi ile ya mwaka wa sabini na mbili, mauaji yalipoanza na mkuu wa shule akawaambia wakimbilie makwao, Dismasi na Venanti walisimama nyuma ya jiko wakavua mashati, wakapeana. Walicheka. Ni mazoea tu, walikuwa na miaka kumi na sita. Dismasi, namba mia na kumi na nne, akavaa themanini na saba akateremka ziwani, ambako mvuvi wa Magara alimpakia mtumbwini hadi Kigoma. Venanti akashika njia ya mlimani kwenda kwao Muhuta.

Tanzania ikamlea Dismasi, akafundisha huko, akaoa, akazeeka. Alirudi mwaka jana tu, akafikia kwa bintiye mjini Rumonge. Juzi akasikia kanisani tangazo la sikukuu ya shule, inayofanywa kila mwaka. Alitaka kujua kitu kimoja: Venanti yu hai?

Jibu lilikuwa linamngoja. Siku hiyo, majina ya wanafunzi waliokufa husomwa mbele ya kanisa, na shule nzima huitikia kila jina: "Tuko naye." Dismasi alikaa benchi la nyuma, masikio yote mbele. Mkuu wa shule, Padri Bienfait, mtu wa makamo mwenye sauti ya kutangaza mpira, alipofika mwaka wa sabini na mbili alipunguza mwendo. Orodha ya mwaka huo ilikuwa ndefu hadi inaumiza.

"Dismasi, namba mia na kumi na nne."

"Tuko naye," wakaitikia wavulana mia nne.

Alijishika goti, kisha lile la pili, kama mtu anayehesabu mizigo yake stendi. Alitaka kusimama aseme kuna makosa, lakini Padri alikuwa ameshaendelea. Ikabidi asikilize. Majina yakaisha, la Venanti halikutajwa. Furaha ikampanda kwa kishindo hata akasahau kwamba yeye mwenyewe amekwisha kufa.

Misa ilipomalizika alimwendea Padri, akajitaja. Padri alimtazama koti, akamtazama uso.

"Muzee, hiyo haiwezekani. Dismasi iko hapa nyuma ya kanisa, walimuzika. Walimuokota njia ya mulimani nyuma ya siku tano. Sura haikujulikana tena. Walimujua kwa namba ya shati."

"Na Venanti?"

"Yule aliponaga. Muvuvi mumoja wa Magara aliapa alivusha mutoto wa themanini na saba. Dada yake ni yule mama pale, Agneta. Anakuja kila mwaka."

Dismasi aliuliza, kwa sauti ambayo hakuijua, kama wavulana bado wanabadilishana mashati. Padri akauliza mashati gani.

Hapo ndipo alipoelewa ni nani aliyezikwa na shati lake, na ilikuwa kama kumwagiwa maji ya ziwa alfajiri. Aliogopa. Nisimpambe: aliangalia lango, akaangalia pikipiki, akapima hatua. Mwanamke yule ana kaka aliye hai, nani amemtuma yeye kuja kumuua? Lakini ndilo swali lililomleta, na jibu sasa alikuwa nalo peke yake. Akaenda, akakaa karibu na bibi huyo mwenye kitenge cha njano, akatoa shati.

Agneta aliiona namba kabla ya kumwona mtu. Akalivuta shati, akalinusa, uso wote ukafunguka.

"Alikupa yeye? Murakoze, asante baba, murakoze sana. Iko wapi? Iko Kigoma? Anakuja?"

Dismasi akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia nyuma ya jiko, akirudia, akiomba radhi kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Aliposema jina lake, Dismasi, mama yule aliacha kulikunja shati.

Wavulana walikuwa wanapanga viti, wanapigana mabega, wanacheka.

"Watu wako walivuka ziwa wote," Agneta alisema mwishoni. "Kaburi lako halikukuwa na mutu wa kuliangalia. Mama akasema, tumuangalie huyu mutoto wa wenyewe, ili na Venanti huko aliko apate wa kumuangalia. Tunapalilia kila mwezi. Mama alipokufa nikabaki mimi."

Dismasi hakuweza kumtazama.

"Nilikuwaga napiga naye hadithi pale kaburini," Agneta alisema. "Namuelezea habari za Venanti. Na siku zote nilimuita kwa jina lako."