Sauti ya Mwenye Akaunti

Ukipiga simu benki yetu, wa kwanza kukupokea ni dada yangu. Atakukaribisha vizuri, atakuambia ubonyeze moja kama unataka kujua salio, mbili kama umepoteza kadi, kisha atakuomba usubiri kidogo kwa sababu simu yako ni ya thamani kwao. Mimi nimeambiwa maneno hayo mara nyingi mpaka nayaota. Na mwaka huu, kila nilipoambiwa, dada mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yangu, leso shingoni, hawezi kutoa hata neno moja la kusikika mlangoni.

Nyumbani tulimwita Chiriku. Mama alisema aliongea kabla hajasimama, na tangu hapo hakupumzika. Alipokuwa mkubwa akawa mwalimu wa darasa la kwanza, na akisoma hadithi, watoto wa chumba cha pili walikuwa wanaacha hesabu zao wanamsikiliza kupitia ukutani. Siku moja mzazi mmoja, meneja wa benki, alikuja kumchukua mwanawe akasimama mlangoni mpaka hadithi ikaisha. Wiki iliyofuata dada aliitwa kwenye chumba kilichofunikwa sponji kuta zote, akasomeshwa makaratasi siku mbili nzima. Mimi ni fundi makochi, sponji ndiyo kazi yangu. Aliponieleza walivyoibandika ukutani nilimwambia wamepoteza sponji nzuri bure.

Walimlipa mara moja, wakamfungulia na akaunti ya kuingizia malipo hayo, naye akasaini kwamba sauti ile kuanzia sasa ni mali ya benki. Hakusoma yote. Nani husoma yote? Alikuwa amefurahi, na mimi nilifurahi kumshinda. Mteja akija kulipia kochi, namwambia ngoja kwanza nikuonyeshe kitu, napiga namba ya benki, nampa simu asikilize.

Miaka tisa ikapita. Mwaka huu sauti yake ikaanza kukwaruza. Tulidhani ni vumbi la chaki. Alikunywa maji ya moto, akatafuna tangawizi, akanyamaza siku mbili kwa amri yangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Ilizidi kufifia. Darasani alikuwa akinong'ona, na watoto wale, kwa kuwa humwiga mwalimu kwa kila kitu, nao wakawa wanasoma kwa kunong'ona. Mwalimu mkuu alipita dirishani akadhani darasa ni tupu, akaingia akakuta watoto arobaini wanasoma a, e, i, o, u kama wezi.

Daktari alimulika koo lake na kifaa chenye taa. Alisema ni uvimbe, bado mdogo, na ukitolewa haraka sauti itabaki. Labda itakuwa nzito kidogo, lakini itabaki. Ukiachwa ukasambaa, italazimu kutoa kisanduku chote cha sauti kilichomo kooni, na hapo hakuna kuongea tena. Alimpangia siku, wiki tatu mbele, na gharama zote zilitakiwa zilipwe wiki moja kabla. Dada hakutetereka hata kidogo. Alikuwa akijiwekea akiba kwenye akaunti ile ile tangu ifunguliwe, na yeye ni wa kuweka na kusahau.

Basi tukaomba taarifa ya akaunti, ambayo nayo tuliilipia ada. Akiba haikufika. Kila mwezi, kwa miaka sita, kulikuwa na kipande kimeng'atwa, kidogo cha kutokuamsha mtu, na pembeni yake herufi mbili: B.S. Nilimuuliza mlinzi wa benki, nikamuuliza karani wa dirishani, mpaka mmoja akanitafsiria. Bima ya safari. Nilicheka kwa hasira. Dada yangu akipanda basi vituo vitatu anatapika. Nyumbani na shuleni, shuleni na nyumbani, hiyo ndiyo safari yake tangu aanze kazi. Vile vipande vya miaka sita vikijumlishwa vilikuwa ndivyo hasa vilivyopungua kwenye gharama za hospitali.

Karani alituambia bima ile ilikubaliwa kwa sauti, kwa hiyo inakataliwa kwa sauti, kwa njia ya simu, na baada ya hapo ndipo mtu anaweza kudai arudishiwe. Tukapiga. Chiriku wa miaka tisa iliyopita akatupokea, msafi, mchangamfu, kila neno limekaa mahali pake. Akasema: kama unataka kuendelea na bima, sema, ndiyo, nakubali. Kama unataka kuiacha, sema hapana. Chiriku wa leo akaisogelea simu, akakaza mishipa ya shingo, akasema hapana. Ilitoka kama karatasi inayochanwa.

"Samahani," alijibiwa na yeye mwenyewe, "sauti hii si ya mwenye akaunti."

Tulijaribu alfajiri, kabla koo halijachoka. Tulijaribu baada ya asali. Nilimlaza chali, nikamkalisha, nikamfunika blanketi kichwani. Kila mara ni samahani, kwa upole ule ule wa kumsahihisha mtoto aliyekosea herufi. Mwisho nikaipokonya simu nikaitukana. Katika maisha yangu nimegombana na watu wengi, lakini kumtukana dada yangu huku dada yangu mwenyewe amenishika mkono ninyamaze, hilo lilikuwa jipya kwangu. Dakika zote hizo nazo zilikuwa zinakatwa kwenye salio la simu.

Zikabaki siku nne za kulipa. Tulifunga kibwebwe tukaenda makao makuu, dawati la malalamiko. Tulikaa kwenye makochi yao tangu asubuhi. Kwa nje ngozi inang'aa, ukikaa unagusa mbao. Sponji ya chini kabisa, mshono wa haraka. Nilimwambia dada, hawa hata kochi wanadanganya. Akatabasamu. Nilipenda akitabasamu, maana ilikuwa ndiyo kauli pekee aliyobaki nayo isiyomuuma.

Aliyetuhudumia alikuwa binti mwenye adabu zake. Alituletea maji, akamwita dada "mama" na mimi "kaka", akasikiliza yote bila kutukatisha. Aliandika. Kisha akasema sauti ya makubaliano ipo, imehifadhiwa, na kwa ada ndogo ya kutafuta kumbukumbu anaweza kutusikilizisha. Nikalipa. Nilikuwa na hakika hakuna kitu, na nilitaka aone mwenyewe kwamba hakuna kitu.

Aligeuza kompyuta kidogo, akabonyeza.

"Ndiyo, nakubali," ilisema sauti ya dada yangu. Ilivuma, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Na nyuma yake, mbali kidogo, mtu alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi.

Nilikijua kicheko kile. Ni changu.

Yote yakanirudia pale pale kwenye kiti. Miaka sita nyuma, mchana wa Jumapili, simu ya dada iliita, na alipopokea akakuta ni yeye mwenyewe. Benki ilikuwa imeanza kuwapigia wateja kwa mashine, na mashine ilikuwa na sauti yake. Alikuja mbio karakanani kwangu, mdomo ameuziba kwa mkono. Mimi nikasema weka spika tusikie. Simu yake ilikuwa ndogo, sauti haipai, nikachukua sufuria tupu nikaitumbukiza humo ili ivume. Ikavuma kweli. Chiriku wa ndani ya sufuria alieleza habari za bima, kisha akasema: kama unakubali, sema, ndiyo, nakubali. Neno likagonga kuta za sufuria likarudi lilikotoka. Sisi wawili tulikuwa hoi kwa kicheko, tumeshikana mabega. Sufuria ikasema asante, simu ikakatika. Tulidhani ndivyo hotuba inavyoishia.

Mashine ilikuwa imeuliza ikajijibu yenyewe. Mteja mwingine yeyote angeweka simu yake ndani ya sufuria, sauti ya kwenye simu na sauti ya mteja zisingelingana, na mambo yangeishia hapo. Kwa dada yangu peke yake zililingana. Na aliyeileta sufuria ni mimi.

Nilimweleza binti yule. Nilieleza vizuri, bila kupandisha, nadhani ndiyo mara ya kwanza nimeeleza kitu benki bila kupandisha. Nilimwomba apige namba ya huduma, alinganishe neno kwa neno, asikie jinsi dada anavyovuta pumzi kabla ya "nakubali," palepale, kipimo kile kile. Alipiga. Alisikiliza huku, akasikiliza kule. Akarudia. Niliona uso wake ukibadilika, niliona kwamba ameelewa. Akashusha simu taratibu, akavuta makaratasi yake.

"Kaka, naomba unijibu moja tu," alisema. "Hii ni sauti ya mama huyu, au si yake?"

"Ni yake, lakini—"

"Mfumo unauliza hilo tu."

Akaandika. Niliona kalamu inavyokwenda. Alisema malalamiko yetu yamepokelewa na yatajibiwa ndani ya siku tisini. Nikamwambia tuna siku nne. Akasema pole, na naamini alikuwa na maana hiyo, maana hakuweza kututazama tulipoinuka.

Nje tulisimama kwenye ngazi. Nilitaka anilaumu, ningepata pa kushika. Dada alinivuta mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake.

"Siku ile tulicheka sana," alinong'ona.

Sikulia mbele yake. Nilimwambia nitauza cherehani langu la kushonea ngozi, lile kubwa, na yeye akatikisa kichwa kukataa, na mimi nikalitangaza hata hivyo. Lakini cherehani la namna ile haliuzwi kwa siku nne. Wengi walikuja kulitazama, wakaligeuza, wakataja bei za dhihaka, wakaondoka. Walimu wenzake walichanga, nao si watu wenye kitu. Siku ya malipo ikapita, nafasi yake kwa daktari akapewa mwingine, na orodha ilikuwa ndefu. Mnunuzi wa kweli alipatikana wiki ya tisa. Tulipofika hospitali wiki ya kumi na moja, daktari alimulika tena koo, akazima taa. Akasema mambo si yale tena.

Walimtoa sauti yote. Sasa ana tundu dogo chini ya shingo, anapumulia hapo, na shule imempa kazi ya kupanga vitabu vya maktaba. Anaandika kwenye daftari la mistari, kwa mwandiko ule wa ubaoni, herufi kubwa zilizonyooka. Mimi nashonea cherehani la kuazima. Kuna siku nasahau, namuuliza kitu huku nimempa mgongo, nasubiri jibu.

Jibu la benki lilikuja siku ya themanini na nane. Walisema wamechunguza na wameridhika kwamba sauti ni ya mwenye akaunti. Tukataka kuifunga akaunti, tukaambiwa haifungwi huku bima inaendelea, na bima haisitishwi mpaka mwenyewe aseme hapana. Nilipeleka vyeti vya hospitali. Walivipokea, wakavigonga muhuri, wakaviweka kwenye faili.

Jana mchana simu yake iliita tukiwa tunakula. Aliniashiria nipokee. Nilibonyeza spika, na Chiriku akaingia chumbani mwetu, mzima, ana meno ya kicheko kwenye sauti, anamsalimu mteja wake mpendwa. Dada aliweka kijiko chini. Sauti ikasema muda wa bima umefika mwisho, na kwamba wangependa kuendelea kutuhudumia. Kama unaendelea, sema, ndiyo, nakubali. Kama hutaki, sema, hapana.

Nilisema hapana. Nilisema kwa nguvu mpaka jirani akachungulia.

"Samahani, sauti hii si ya mwenye akaunti."

Nikasema tena, na tena, huku koo likiniuma. Dada alikuwa amefungua mdomo. Niliona midomo yake ikilifanya neno lile, ha, pa, na, wazi kabisa, kama anavyowaonyesha watoto wa darasa la kwanza, na hewa ikatokea chini shingoni bila kitu.

"Tusipokusikia," sauti yake iliendelea kwa upole, "tutachukulia kwamba umekubali. Tunasubiri."

Nilinyoosha mkono nikate simu. Dada akaniwahi. Aliichukua, akazima spika, akaiweka sikioni mwake, akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho.