Jembe la Mkubwa

Treni ilikuwa imesimama tangu jana jioni katikati ya pori la Zambia. Sasa kulikuwa kumepambazuka, nayo haijatikisika. Mzee Mageni aliketi wima dirishani, kofia magotini, kama mtu aliyeitwa barazani anayesubiri jina lake litajwe. Alikuwa ametoka Kharumwa kwa basi, kisha akapanda treni hii, aende kumzika mdogo wake Edson, aliyehamia Zambia ujanani kufuata migodi ya shaba, akazeekea Kapiri, mwisho wa reli.

Katika ukoo wao kaburi la mdogo hufunguliwa na mkubwa wake. Hata likiwa pigo moja tu la jembe, ardhi haiguswi kabla yake. Siku ya msiba Mageni alipiga simu akaagiza hivyo, kwa sauti ya mtu asiyezoea kurudia maneno, na wafiwa wakatii. Mazishi yakaahirishwa, yakaahirishwa tena. Halafu injini ikafa.

Aliyekaa mbele yake alikuwa Mzaramo muuza vitenge, na tangu alipojua kwamba mwenzake ni Msukuma hakumwacha apumue, maana hao ni watani.

"Shuka uiswage, mtani," alisema. "Labda hii nayo imezoea fimbo."

Alipoambiwa kuna msiba ndipo alipozidisha, kama utani unavyotaka. Akauliza marehemu ameacha ng'ombe wangapi, maana mrithi ameshapatikana. Mageni akajibu kwamba Mzaramo akipewa ng'ombe atampandisha mnazini. Wakacheka kidogo. Kisha Mzaramo akamega mkate wake, wakala.

Mara simu ikaita. Ilikuwa ya Mzaramo huyo, yenye laini ya huku, ambayo Mageni aliitumia usiku kuwapa wafiwa habari. Aliyepiga alikuwa Justa, mjane wa Edson, na Kiswahili chake alichofundishwa na mumewe. Alieleza bila kulaumu. Mwili ulikuwa umeshatoka hospitali na haukuweza kurudi. Padri alikuwa na safari. Vijana walikuwa makaburini na majembe yao, lakini Edward, mwanawe, alikuwa amemkataza mtu yeyote kuanza.

"Anasema neno la baba mkubwa halivukwi," Justa alisema. "Nimemwomba, hanisikii. Shemeji, tufanyeje?"

Mageni alitazama nje. Chini ya injini ilionekana miguu ya fundi tu. Angeweza kusema wasubiri mpaka jioni, nao wangesubiri. Hilo alilijua, na ndilo lililomlemea.

"Mpe Edward simu."

Kijana alimwamkia. Mageni akaitikia marahaba.

"Edward, mwanangu. Vua viatu. Kata ardhi wewe."

"Baba mkubwa, mimi si mkubwa wake."

"Leo nakupa ukubwa wangu. Kata. Na simu usizime, iweke hapo karibu."

Kwanza alisikia upepo, na mtu akikohoa. Halafu jembe. Baadaye majembe mengine yakafuata.

Zamani, walipochimba almasi Maganzo, Edson ndiye aliyeshuka shimoni, na Mageni alibaki juu ameshika kamba. Hakumwona mdogo wake, alimsikia tu. Udongo ulitoa sauti nzito, changarawe ilikwaruza, mwamba uliimba. Kwa mapigo ya sururu alijua nduguye amechoka, akamvuta kabla hajaomba.

"Wamefika kwenye changarawe," alimwambia mtani wake kwa sauti ya chini. "Hapo wasiharakishe."

Mzaramo aliinua mkono, na wale waliokuwa wakibishana kwenye viti vya nyuma wakanyamaza.

Mapigo yaliendelea, yakififia kadiri shimo lilivyokwenda chini.

"Nzuna wane," Mageni alinong'ona. Mdogo wangu. Vidole vya mkono wake uliokuwa mtupu vilijikunja, vikakaza.

Ndipo injini iliponguruma. Behewa likashtuka, watu wakashangilia, magurudumu yakaanza kusaga reli. Mageni aliziba sikio moja kwa kiganja, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti, akitafuta chini ya makelele yale pigo linalofuata.