Mwenye Pombe Hajaonja

Watu wa Salamabila walikuwa na mengi ya kusema juu ya Odile, lakini hakuna aliyewahi kumwita muongo. Umbeya, ndiyo, huo alikuwa nao wa kugawia mitaa mitatu na ukabaki. Ila habari ikitoka kinywani mwake ilikuwa habari kweli, na waliobisha siku ya Jumatatu, Alhamisi walirudi kuomba radhi. "Mimi sisemi uongo," alipenda kusema huku akigeuza mandazi kwenye mafuta. "Mimi nasema tu mbele ya wengine."

Jumapili ile baada ya misa alizima moto wake, akajitwika kiti, akavuka njia kwenda kwa jirani yake Honorine. Alitaka kukaa mbele. Siku ya namna hiyo Salamabila ilikuwa haijaiona.

Honorine alikuwa ametoka Kivu miaka miwili nyuma, akimfuata mume wake Nestor aliyekuja kuchimba dhahabu. Kwao alijifunza kupika kasiksi, pombe ya ndizi: unavundika ndizi shimoni mpaka zilainike, unazikamua kwa majani makavu, unatia unga wa mtama uliokaangwa, unafunika, unangoja. Hiyo wengi wanaijua. Lakini Honorine hakuweza kuacha kitu kama alivyokikuta. Alikuwa akichukua kasiksi yake na kuijaribu kwa hiki na kile, na safari hii alikuwa na madumu manne yaliyopangwa kwenye kivuli cha nyumba: moja la nanasi na tangawizi, moja la marakuja, matunda ya pasheni, moja la asali iliyotoka Lusangi, na la nne la karafuu na mdalasini. Viungo hivyo aliviagiza Kasongo, dukani kwa mzee Faradji, mtu wa swala tano, ambaye alivifunga kwenye karatasi akauliza, "Ni vya pilau, sivyo?" Aliyetumwa akajibu, "Vitapikwa tu, mzee." Faradji akaona asiulize zaidi.

Mgeni wa siku alitoka Kasongo vilevile. Josué alikuwa na baa yake kule, na alikuwa amechoka na bia za chupa ambazo nusu yazo hupasuka barabarani. Alikuwa ametuma neno: nitakuja nionje, nikipenda, kila juma pikipiki itakuja kubeba. Salamabila nzima ilijua maana yake. Honorine angeacha kuuza kwa kikombe kwa wachimbaji wenye matope, angekuwa mpishi wa baa ya mjini.

Uani kulijaa. Waliokosa viti walikaa juu ya matofali, waliokosa matofali walisimama. Souleymane, kijana wa pikipiki wa Salamabila aliyemleta Josué, hakunywa pombe, dini yake ilimkataza, lakini mkusanyiko haukumkataza mtu.

Honorine alichota kata ya kwanza, ile ya nanasi. Akaifuta pembeni kwa kiganja, akampa Josué kwa mikono miwili.

"Karibu, papa. Hii iko ya nanasi na tangawizi."

Josué akaipokea, akaishika, hakunywa. Wote walikuwa wanangoja kitu kimoja, kwa sababu sehemu zile, uwe umetoka Kivu au Wamaza, mwenye pombe ndiye anayeonja wa kwanza. Anakunywa mbele ya macho ya watu, kutoka kata ileile, kisha anaigeuza chini watu waone imeisha. Si kwa ajili ya utamu. Ni kwamba kama kuna sumu, ianze na aliyeipika.

"Na mwenyewe?" akauliza Souleymane.

"Nimekwisha onja jikoni," akasema Honorine.

"Jikoni sisi hatukuwako."

"Wewe hata hunywi, Souleymane."

"Sinywi, mama, lakini macho yangu hayajafunga."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Honorine akarekebisha kitenge chake, akasema pombe ni ileile, wanywe tu, na asiyetaka aache. Hapo ndipo ulimi wa Odile ulipomwasha. Hakuwa na nia mbaya. Aliona tu jambo, na jambo likionwa na Odile halikai ndani. Akainama sikioni kwa Dieudonnée, muuza samaki, aliyekaa kushoto kwake.

"Hata Alhamisi hakuonja. Nilikuwa namsaidia kukamua. Alitia kidole mdomoni, palepale akatema."

Basi. Maneno kumi na machache. Dieudonnée akamwambia aliye nyuma yake, naye akamwambia wa ukutani. Habari ikazunguka ua kama kuku aliyekatwa kichwa. Iliporudi kwa Odile kutoka upande wa kulia, haikuwa ile aliyoituma. Sasa ilisema kwamba Honorine alitema kwa sababu anajua alichotia, na kwamba Odile alimuona akikitia.

"Nani amesema hivyo?" Odile akauliza.

"Si wewe?"

Mchimbaji mmoja aliyekuwa amejichotea kikombe cha ile ya asali kwa haraka akakiweka chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. Mwingine akamkumbuka mtu aliyekufa msimu uliopita kule machimboni, alikunywa jioni, asubuhi hakuamka. Josué alikuwa bado ameshika kata. Akaiangalia ndani, akamwangalia Honorine.

Honorine akafunika dumu. Akageuka, akaenda nyuma ya jiko, mwendo wa mtu asiyetaka kuonekana anakimbia.

Odile akanyanyuka na kumfuata. Miguu yake ilikuwa imezoea kufuata habari, haikungoja kuagizwa.

Alimkuta ameinama kwenye jalala la majivu, mkono mmoja ukutani, anatapika maji matupu. Alipomaliza alitoa kwenye pindo la kitenge kipande cha udongo mweupe, akakivunja kwa meno, akatafuna macho yamefumbwa. Mkono wa pili ulikuwa chini ya kitovu. Haukuwa unashika mahali panapouma, ulikuwa umepumzika pale tu.

Odile alikuwa amezaa watoto sita. Hakuhitaji kuambiwa.

"Miezi mingapi?"

Honorine akashtuka. Alipoona ni nani, uso wake ukaanguka, na hapo Odile akaumia kabla hajajua kwa nini.

"Yaya Odile. Nakuomba, dada yangu mkubwa. Sema ya mtu mwingine yoyote, lakini si hii."

"Kwani mimi…"

"Mwaka jana nilikuambia wewe peke yako. Kisimani, asubuhi. Jioni watu arobaini walikuwa hapa wananipigia vigelegele. Unakumbuka? Mmoja alileta kuku." Honorine hakupandisha sauti. "Ile mimba ilipotoka, yaya, ilibidi niwaambie wale arobaini. Mmoja mmoja. Sokoni, kanisani, njiani. 'Tumbo inaendelea namna gani?' Haiko tena. 'Tumbo iko aje?' Haiko. Miezi miwili nilizika mtoto yuleyule mmoja kila siku."

Odile alikumbuka. Alimkumbuka hata yule kuku, jogoo mwekundu, kwa sababu alimsimulia pia.

"Onja kidogo tu, basi," akasema kwa sauti ndogo. "Gusa na ulimi."

"Nesi amekataza hata tone, ju mimba mbili zimekwisha toka, hii ni ya tatu. Na ikinigusa tu natapika, umeona. Mwenye pombe akionja pombe yake akatapika mbele ya mgeni, nani atakunywa? Acha waseme. Bora waniite mchawi kuliko waniite mama kabla ya saa."

"Na Josué?"

Honorine akafuta mdomo. Machozi hayakutoka, alikuwa amechoka tu. "Josué atarudi kwake."

Odile akarudi uani. Ni hatua ishirini kutoka jikoni mpaka kwenye madumu, na katika hatua zile ishirini alibeba mdomoni habari nzuri kuliko zote alizopata tangu aje duniani. Tena ilikuwa ya kweli. Tena ilikuwa dawa: angesema neno moja, *ana mimba*, na ua wote ungelipuka kwa vigelegele, Josué angecheka na kunywa, na hakuna ambaye angekumbuka sumu. Neno moja tu. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi, tamu, linasukuma meno.

Watu walikuwa wanainuka. Souleymane alikuwa amekwisha kupanda pikipiki yake.

"Kaeni!" Odile akapaza sauti. "Mnakwenda wapi na mwenye pombe hajaonja?"

"Mwenye pombe amekimbia," akasema Dieudonnée.

"Mwenye pombe ni mimi."

Wakacheka mpaka watoto wa njiani wakaja kuchungulia.

"Wewe?" akasema Souleymane. "Mama Odile, hata chai yako inaungua!"

"Nani alikamua hizi ndizi Alhamisi? Mikono ya nani?" Akaionyesha, kana kwamba majani yalikuwa bado yamenata. "Tumepika wawili. Yeye alinyamaza kwa sababu alijua mtanicheka, na mmenicheka. Papa Josué, lete hiyo kata."

Josué akampa. Odile akaipandisha mpaka wote wakaiona, akanywa. Alitaka kunywa haraka amalize, kama mtu anayekunywa dawa, lakini pombe ilimkamata. Nanasi lilikuja kwanza, tamu na kali kidogo kama lile lililoivia shambani lenyewe, na alipodhani limekwisha, tangawizi ikapanda nyuma ya pua ikamtoa machozi. Akaigeuza kata chini. Likadondoka tone moja.

"Hiyo inaamsha maiti," akasema. "Nyingine."

Ya marakuja ilikuwa chachu, ikamkunja uso, kisha ikamwacha anataka tena. Ya asali aliishika mdomoni muda mrefu. Ilikuwa na moshi ndani yake, moshi wa wale wanaofukuza nyuki, na maua ambayo hakuyajua jina, na nguvu yake ilikuja taratibu, magotini kabla ya kichwani. Ya karafuu alipoifikia alikuwa hasimami sawa. Ilimkumbusha nyumba za sikukuu Kasongo, udi na nguo zilizokunjwa sandukuni. Hakujua kama aipende. Akamwambia Josué hivyohivyo.

"Hii ya mwisho, papa, ni ya watu waliosoma. Uwaonjeshe polepole."

Kata nne zikageuzwa chini, moja baada ya nyingine. Odile akangoja, mikono kiunoni. "Niko hapa. Nihesabuni mpaka jioni kama nitakufa."

Lakini Dieudonnée hakuwa mtu wa kuachia mfupa.

"Ngoja kwanza. Si uliniambia alitema? Kwenye sikio langu hili. Alitema kwa nini?"

Ua ukageuka kumtazama Odile. Alikuwa na majibu mawili. Moja lilikuwa la kweli.

"Nilikudanganya," akasema.

"Eti nini?"

"Nilidanganya. Hakutema chochote. Nilisikia wivu, ju sifa zote zilikuwa zinakwenda kwake, na mimi nimekamua ndizi mpaka mgongo ukaniuma. Nikatunga."

Hakuna aliyecheka. Dieudonnée alimwangalia kama mtu aliyenunua samaki kwa miaka kumi kisha akaambiwa wote walikuwa wameoza.

"Wewe, Odile? Unatunga?"

"Ndiyo."

"Na ile ya shemeji yangu na mwanamke wa Wamaza?"

Ile ilikuwa kweli tupu, aliiona kwa macho yake mawili. Odile akameza mate yenye karafuu. "Sijui, Dieudonnée. Labda."

Josué hakuwajua wala hakuwa na haja ya kuwajua. Alikuwa ametoka mbali kwa ajili ya pombe, na mtu amekunywa kata nne yuko wima, au karibu wima. Akachota mwenyewe. Alikaa na ile ya asali kama alivyokaa nayo Odile. Kisha akarudia nanasi. Honorine alipotoka jikoni, ameosha uso, amefunga kitenge upya, alimkuta mgeni anawapimia wengine kwa mkono wake na ua umejaa kelele.

"Hizi mbili," akamwambia, "kila juma. Marakuja tutaona. Sasa nitume neno kwa nani, kwako au kwa mwenzako?"

Honorine akamtazama Odile. Odile alikuwa amekaa chini, kiti chake kimechukuliwa na mtu, kanga ya kichwani imeteleza.

"Kwake," akasema Odile. "Mimi hiyo kazi imenishinda leo hii."

Tangu hapo biashara ya mandazi haikuharibika, watu wanakula. Lakini walinunua wakaenda. Hakuna aliyesimama kuuliza kuna nini mjini. Odile akisema, "Mmesikia ya mkuu wa soko?" walitabasamu kama watu wanaomsikiliza mtoto. Jambo lililomuuma zaidi ni kwamba Dieudonnée alianza kusimulia yeye, na alisimulia vibaya, alianza na mwisho.

Honorine alikuja asubuhi nyingi kukaa kando ya karai, mbali na moshi. Hawakuzungumzia jambo lile hata mara moja. Walizungumza ndizi.

Mwezi wa sita wa mimba ulipoingia, asubuhi moja, Honorine akajishika mgongo, akapumua, akasema, "Sasa unaweza, yaya. Sema."

Odile akaacha mwiko ndani ya mafuta. Hakufunga hata kanga yake sawasawa. Alivuka soko lote mpaka kwenye meza ya samaki, moyo unampiga kama msichana, akainama sikioni.

"Dieudonnée. Honorine ana mimba. Miezi sita!"

Dieudonnée akaendelea kufukuza nzi.

"Odile," akasema kwa upole kabisa, "nenda ukageuze mandazi yako."